Uzi Uliokataa Kurudi Mahali Pake

Msiniletee tena gitaa mkaniambia limerogwa. Nimestaafu, ndiyo, na magoti hayaniruhusu tena kusimama mbele ya meza ya kazi kutwa nzima, lakini masikio bado ninayo, na mdomo ndio kabisa. Juzi kijana mmoja wa mtaa wa Huruma alinikuta nimekaa nje ya nyumba hapa Shauri Moyo nachambua mboga ya sukuma. Akafungua mfuko wa gitaa mbele yangu na kusema, "Nyanya, hii kitu kuna mtu ameifanyia. Natyuni, sauti inahama. Natyuni tena, inahama. Beshte yangu anasema iombewe." Nikamwambia iombewe baada ya kubadilishwa nyuzi, kwa sababu zile alizokuwa nazo zilikuwa na kutu hadi zilimpaka vidole rangi ya chai.

Akacheka, akaenda kutafuta nyuzi. Mimi nikabaki na sukuma yangu na hasira kidogo. Kusema kitu kimerogwa ni njia ya kuacha kukitafuta, na mimi sijawahi kupenda kuacha kutafuta. Ndiyo sababu nawaandikia haya, nyinyi mnaoshika bisibisi sasa.

Wengi mnanijua kwa jina la Mama Springi. Sikujipa mwenyewe. Nilianza kazi nikiwa msichana, nikitengeneza cherehani kwenye kibanda karibu na soko la Gikomba, na sanduku langu lilijaa springi za kila aina: za cherehani, za breki za baiskeli, za vitasa vya milango, hata za kalamu. Aliyeniingiza kwenye magitaa ni Mzee Hamisi wa Pumwani, fundi wa kodiani, vinanda na magitaa, ambaye alikuja kununua springi akanikuta nimetega sikio kwenye cherehani ya mteja kabla sijaifungua. Akaniuliza nasikiliza nini. Nikamjibu kwamba kuna kitu kinagonga ndani kila gurudumu likizunguka, na sijajua ni nini. Akachukua springi zake akaenda. Baada ya siku chache alirudi kuniuliza kama nimekijua. Nilikuwa nimekijua, na tangu hapo nikawa mwanafunzi wake.

Mzee Hamisi alikuwa na tabia moja iliyonikera sana. Kifaa kikiletwa, alikusanya bisibisi zote, akaziweka kwenye kiti chake, kisha akazikalia. Hugusi kitu mpaka umwambie umesikia nini, wapi, na wakati gani. "Binti, mbona wataka kufungua na hata hujui wafungua nini?" alikuwa akiniuliza, ametulia juu ya zana zangu. Nilinuna, nikamsema kwa wenzangu, na mara moja nilitishia kurudi kwenye cherehani. Sasa nikiwaona mnavyokimbilia kufungua skrubu huku simu imewekwa pembeni inawaonyesha video, ninatamani ningekuwa na kiti kikubwa cha kuzikalia bisibisi za mitaa yote ya Eastlands.

Ninayotaka kuwasimulia hasa ni habari ya gitaa la mapajani. Si wengi wenu mmelishika. Halikumbatiwi kifuani. Linalazwa juu ya mapaja nyuzi zikitazama juu, na mpigaji habonyezi uzi kwa vidole. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma kizito juu ya nyuzi, na wa kulia unachokoa. Sauti yake inavutika na kulia, kama mama anayembembeleza mtoto naye mwenyewe ana usingizi. Ukilisikia kwenye wimbo wa kanisani, hata aliyekuja kwa ajili ya chai ya baada ya ibada anatulia.

Mwenye gitaa alikuwa Mzee Wekesa, mtu wa Bungoma, aliyefanya kazi kiwandani miaka mingi na kukaa Makadara na mkewe. Gitaa alilitoa Gikomba kwa muuzaji wa mitumba aliyedhani ni ubao wa kupigia pasi nguo za watoto. Alijifundisha mwenyewe kulipiga, na kwa muda mrefu ndilo lililoongoza nyimbo kanisani kwao. Kisha mkanda wa mashine ukamvunja kifundo cha mkono wa kushoto. Mfupa uliunga lakini wepesi haukurudi. Aliweza kushika kile chuma na kukisogeza polepole, ila hakuweza tena kukiinamisha wala kukirusha mbali kwa haraka. Mpigaji wa gitaa hilo akikosa hayo mawili, amebakiwa na nusu ya nyimbo zake.

Alikuja kwangu amelifunga gitaa kwa leso ya mkewe, akaliweka mezani taratibu.

"Mama Springi," akasema, "huu mkono wa kushoto umekataa. Ule wa kulia bado ni mzima. Sasa niambie, huu mzima unaweza kusaidia mwenzake namna gani?"

Nililipenda swali hilo, kwa sababu hakuja kulia. Nikamwambia tutaweka leva. Leva ni kijiti cha chuma kinachofungwa karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia upande wa mkono wa kulia. Ukikibonyeza kwa kiganja huku vidole vinaendelea kuchokoa, kinavuta uzi mmoja na sauti yake inapanda. Ukiachilia, springi inakirudisha na uzi unashuka ulikotoka. Mlioimba kwaya mtanielewa upesi: leva moja inapandisha so iwe la, nyingine inapandisha mi iwe fa. Bonyeza zote mbili, na wimbo umehama kabisa bila kile chuma cha kushoto kusogea. Mkono wa kulia umefanya kazi ya mikono yote miwili.

Kusema ni rahisi. Leva za kwanza nilizitengeneza kwa vishikio vya breki za baiskeli. Msinicheke, zilivuta vizuri sana. Shida ilikuwa kurudi. Unabonyeza, so inakuwa la, unaachilia, na badala ya so unapata sauti ambayo haina jina katika kwaya yoyote. Mzee Wekesa aliinamisha kichwa akasikiliza, akasema kwa upole wake, "Imerudi, lakini haijafika."

Nikazitupa. Za pili nilizitengeneza kwa bawaba za kabati. Hizo zilirudi, ila kila mara zilirudi mahali tofauti, kwa sababu msumari wa bawaba ulikuwa unacheza ndani ya tundu lake. Mchezo mdogo ambao mlangoni huuoni, kwenye uzi wa gitaa unausikia kutoka nje ya ua. Leva lazima ikae kwenye ekseli isiyocheza, na ikiachiliwa igonge kizuizi kigumu, pale pale, kila mara. Ukisikia inatua kimya, jua haijafika kwenye kizuizi. Springi ni dhaifu, au uzi unaishinda nguvu. Mimi nilikuwa nafumba macho na kuzisikiliza leva bila hata kuchokoa uzi. Zikitua vizuri zinasema "tik" kavu.

Za tatu zilitoka kwenye cherehani, ule mkono wa nyuma unaoinua mguu wa kukandamiza kitambaa. Sijui kwa nini nilichelewa kuufikiria, nami nilikuwa nimeuona tangu nikiwa msichana. Ni chuma kizuri, kimezoea kupanda na kushuka maisha yake yote. Nilienda nao kwa mafundi wa chuma wa Kamukunji wakanikatia na kunisugulia, huku mmoja akiniuliza kama sasa nashonea nguo kwenye gitaa. Nikamwambia asugue, maswali ataniuliza wakati wa chai.

Leva zikawa nzuri, na bado uzi ulirudi chini kidogo ya mahali pake. Hapo ndipo wengi wenu mngeendelea kuilaumu leva kwa sababu ndiyo mpya. Mimi nilikumbuka kile kiti cha Mzee Hamisi, nikaweka bisibisi chini. Nilivuta uzi kwa leva nikaachilia, ukashuka. Kisha nikabonyeza uzi ule ule kwa kidole upande wa pili kabisa wa gitaa, kati ya kidaraja cha juu na funguo za kukazia. Ukapanda ukarudi mahali pake. Basi nikajua. Leva inapovuta, uzi unateleza kidogo kupita kwenye mfereji wa kidaraja cha juu; leva ikiachilia, mfereji unaukamata uzi na kuunyima njia ya kurudi. Fanyeni jaribio hilo kabla ya kununua kitu chochote. Halihitaji chombo, ni kidole tu.

Dawa yake ni kusafisha mfereji kwa tupa nyembamba inayotoshana na uzi, ulainike lakini usipanuke, kisha kuupaka unga wa penseli. Penseli ya kawaida ya mtoto wa shule. Msipake mafuta. Najua mkono wa fundi wa huku kwetu unapenda mafuta. Kitu kikilia kidogo tu, tayari umekimwagia ya cherehani. Lakini sisi tunafanya kazi katikati ya vumbi la chuma na la nguo za mitumba, na mafuta yanalikusanya vumbi hilo yakalifanya ugali ndani ya mfereji. Nimewahi kuchokoa ugali wa namna hiyo kwenye gitaa la bwana mmoja aliyeapa kwamba analitunza.

Nikaangalia pia uzi ulivyozungushwa kwenye ufunguo. Mzee Wekesa alikuwa ameuzungusha mara nyingi sana, safu juu ya safu, kwa imani kwamba uzi mwingi unashika zaidi. Kila mzunguko wa ziada ni mahali pa uzi kujifinya na kulegea. Mizunguko miwili mitatu, imelala kwa mpangilio kuelekea chini, inatosha. Na mwisho nikabonyeza leva ya so huku nikichokoa uzi mwingine kabisa, kusikiliza kama huo mwingine unashuka. Ulishuka kidogo, maana yake bati la daraja lilikuwa linajikunja leva ikivuta. Nikaweka bati nene zaidi, ukaacha.

Basi gitaa likawa zima. Nalisema hilo bila kujivuna. Nilikaa nalo kibandani siku kadhaa, nikilibonyeza kila nilipopita, mpaka jirani yangu muuza viatu akawa anapiga mluzi wa so na la bila kujijua. Sauti haikuhama. Jumamosi Mzee Wekesa akaja, akapiga wimbo mzima huku machozi yanamlengalenga, akalifunga kwa ile leso akaenda nalo.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwangu, na uso haukuwa ule wa Jumamosi.

"Limeniaibisha kanisani jana," akasema. "Wimbo wa kwanza nilitengeneza sauti, wa pili nikatengeneza, wa tatu watu wamesimama wananingoja mimi tu. Uzi wa leva ndio mbaya zaidi. Mwenyekiti ameniita nje."

Mwenyekiti wa kamati ya kanisa hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwa heshima kwamba Pasaka kutakuwa na mkutano mkubwa wa makanisa yao, uwanjani, na wageni kutoka kila upande. Kama gitaa litakuwa limetulia kufikia siku hiyo, vyema. Kama halitatulia, basi mzee apumzike, kanisa litatafuta kinanda.

"Wananiambia nipumzike," Mzee Wekesa akaniambia, anautazama ule mkono wa kushoto. "Kiwandani walishaniambia nipumzike. Sasa huku nako nikipumzika, Mama, nitakuwa naamka kwenda wapi?"

Nilichukua gitaa, nikaliweka sauti mbele yake, nikabonyeza leva mara nyingi. Lilitulia. Kesho yake lilikuwa limetulia bado. Akalichukua, na Jumapili likamwaibisha tena. Lilirudi kwangu, likatulia. Nawaambieni, nilianza kuelewa kwa nini watu husema kitu kimerogwa.

Nikasema ni joto. Kanisa lao ni la mabati, na mabati ya saa sita mnayajua. Nikalipandisha gitaa juu ya paa la kibanda changu wakati wa jua kali, nikasimama kwenye ngazi nalichokoa. Yule muuza viatu akaita watu: "Njooni muone, Mama Springi ameanika gitaa." Waache wacheke. Nyuzi zote zilishuka pamoja, kidogo tu, na leva iliendelea kurudi mahali pake. Haikuwa joto. Nikamuuliza Mzee Wekesa kama kuna watoto nyumbani wanaolichezea, akasema hakuna. Nikamuuliza kama linaanguka njiani, akaniangalia kama nimemtukana.

Fundi mmoja rafiki yangu alinishauri niachane nalo. Alisema leva za cherehani si za gitaa, mzee aagize za kiwandani kutoka ng'ambo au akubali. Nilimjibu kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa, kisha nikakaa nikafikiria. Leva zilikuwa nzuri. Masikio yangu hayakunidanganya. Gitaa likiwa kwangu linatulia, likiwa kwake sauti inahama, basi lililobaki ni kwenda kuona linakwenda wapi likitoka kwangu. Nikafunga kibanda Jumamosi mchana, nikaenda Makadara kwenye mazoezi ya bendi ya kanisa lao, nikakaa benchi la mbele na kuapa kwamba sitaliondolea macho.

Walikuwa na gitaa la besi, gitaa la kawaida, ngoma, na Mzee Wekesa katikati kwenye kiti chake cha plastiki. Wa besi aliitwa Brayo, kijana mwenye mdomo, kila wimbo ukiisha anatoa simu na kutyuni kwa programu ya simu. "Mzee, hiyo yako ni ya analogi," alikuwa akimwambia Wekesa, na Wekesa akitabasamu tu. Lakini Brayo huyo huyo ndiye aliyekuwa akimbebea kipaza sauti chake kutoka stoo, kwa hiyo utani wake nilimsamehe.

Gitaa lilikuwa limetulia. Niliisikia leva ikipanda na kurudi wimbo baada ya wimbo, na uzi ukirudi so safi kabisa. Mazoezi yakaisha, vijana wakaanza kukunja nyaya. Mzee Wekesa akatoa kitambaa laini, akafuta nyuzi vizuri, akafuta mbao. Nikafurahi kuona mtu anayetunza kitu chake. Kisha akaanza kuimba kwa pua, taratibu, huku anazungusha ufunguo wa kwanza kinyume. Uzi ukalegea. Akaenda wa pili. Ukalegea. Akaendelea hivyo, mmoja mmoja, mpaka nyuzi zote zikalala juu ya ubao hazina hata uhai.

Nilisimama. "Mzee, unafanya nini?"

"Nini?" akashangaa. "Naliweka lilale."

"Lilale?"

"Si gitaa pia lazima lilale, Mama. Kesho asubuhi nitaliamsha." Akaendelea kulifunga leso.

Nilimwomba aketi. Nikamuuliza amefanya hivyo tangu lini, akasema tangu alipojua kushika gitaa. Baba yake huko Bungoma alitengeneza gitaa lake mwenyewe kwa mbao za plaiwudi na gundi, na nyuzi za waya wa breki. Kila jioni, akimaliza kupiga, alilegeza nyuzi zote na kuliweka gitaa juu ya kabati, na watoto waliambiwa wanyamaze kidogo. Likilala nyuzi zimekaza, baba alisema, litaamka limepinda shingo. Mzee Wekesa hakuniambia habari hiyo kwa sababu kwake haikuwa habari. Mtu akija kutengenezewa mlango hakwambii kwamba usiku huwa anaufunga. Na mimi nililiuliza gitaa kila swali, sikumuuliza yeye analiwekaje.

Hebu fikirieni sasa. Uzi unahitaji kukaa umekaza ili uzoee mvuto wake. Huu ulikuwa unalegezwa kila baada ya kupigwa na kukazwa upya kila kabla ya kupigwa, kwa hiyo kila Jumapili ulikuwa kama mpya, unaendelea kunyooka katikati ya ibada. Zaidi ya hayo, uzi ukilegea, leva inakosa cha kushikilia. Kichwa cha uzi, yaani ncha yake iliyoshikwa na ndoano ndogo ya leva, kinahama, na ukikaza tena kinakaa pengine. Kabla ya leva, mzee alikuwa akirekebisha kidogo kati ya nyimbo na hakuna aliyegundua. Leva ilifika ikavuta uzi huo usiotulia mara mia katika ibada moja, na kila kitu kikajitokeza hadharani.

Nilimweleza yote hayo. Alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukafunga.

"Kwa hivyo baba yangu alikuwa mjinga," akasema.

Brayo alikuwa ameshika waya mkononi, amesahau kuukunja. Nilijua kwamba nikijibu vibaya hapo, mzee atabeba gitaa lake aende nalo na sitamwona tena.

"Baba yako alikuwa fundi kuliko mimi," nikamwambia, na nilimaanisha. "Plaiwudi na gundi, bila kulegeza nyuzi lingekunjika mwezi mmoja. Yeye alilijua gitaa lake. Sasa lijue lako." Nikalitoa gitaa kwenye leso nikamkabidhi. "Likunje."

"Nini?"

"Likunje, mzee. Weka goti katikati, vuta huku na huku. Mimi ndiye nitakayelitengeneza likivunjika."

Akaweka goti, mkono mzima huku, ule mbovu huku, akavuta. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Ule ni ubao mmoja mnene wa mti mgumu, hauna shingo nyembamba kama gitaa la kawaida. Hata mimi na Brayo tungelikalia pamoja lisingesema kitu. Mzee Wekesa aliachilia, anahema. Alipitisha kiganja juu ya mbao polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama analiona kwa mara ya kwanza.

"Hili halichoki," akasema.

"Halichoki."

Hapo hapo nikaweka nyuzi mpya, nikazinyoosha kwa kuzivuta moja moja juu kwa kidole, nikaziweka sauti, nikazivuta tena, mpaka zikakubali. Nikamwambia asiguse funguo mpaka Pasaka, isipokuwa uzi ukishuka kidogo aupandishe, basi. Kulegeza ni mwiko. Aliahidi, ila niliona ahadi ile inavyomuuma. Jioni ya kwanza alinipigia simu. "Mama, bado liko macho," akasema. Jioni ya pili akanipigia tena, akaniambia mkewe amemkuta amesimama mbele ya kabati anaangalia tu. Nikamwambia aende alale yeye, gitaa lina ulinzi wa kutosha. Lakini nilikuwa na wasiwasi pia. Tabia ya baba aliyekufa haitoki kwa maelezo ya fundi, na kila simu ilipolia niliogopa kusikia kwamba ameshindwa.

Pasaka ilikuwa ya jua kali. Uwanja ulijaa, makanisa kwa makanisa na sare zao, hema za kukodi, akina mama na miavuli. Nilipata kiti nyuma ya wanakwaya, karibu na bendi. Mwenyekiti alikuwa mstari wa mbele na wageni wake, amevaa suti, mikono imekunjwa. Mzee Wekesa aliketi, akaliweka gitaa mapajani, hakugusa ufunguo hata mmoja.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Niliisikia leva ya so ikipanda. Ikarudi. Ikapanda tena pamoja na ile ya mi, wimbo ukahama, watu wakainua mikono, na zote mbili zikarudi. Beti zote, mpaka mwisho. Wimbo wa pili hivyo hivyo. Kile chuma cha kushoto kilikuwa kinasogea polepole kadiri mkono ulivyoweza, na mkono wa kulia unafanya yale mengine, na mtu asiyejua asingeona kwamba mpigaji yule aliwahi kuumia. Mwenyekiti alikuwa amekunjua mikono na kuanza kupiga makofi na wengine.

Kabla ya wimbo wa tatu bendi ikasimama. Jua lilikuwa limeyapiga magitaa yale mawili mengine, ambayo shingo zake ni nyembamba, na sauti zilikuwa zimehama. Hata mimi nilizisikia. Watu wakaanza kugeuka kuangalia ni nani anawachelewesha. Brayo akaingiza mkono mfukoni kutafuta simu, kisha akauacha humo. Akamwinamia Mzee Wekesa, na kwa sababu nilikuwa karibu nilimsikia vizuri.

"Mzee, tupatie so."

Mzee Wekesa alimwangalia kijana, kisha akaangalia nyuzi zake. Angeweza kuuchokoa tu uzi wa so bila kugusa leva, umeshatulia pale ulipo. Hakufanya hivyo. Aliuchokoa, akabonyeza leva hadi mwisho, la ikapaa juu ya uwanja mzima, na akaiachilia. Uzi ukashuka, ukatua. Hakuujaribu tena wala hakuinamisha kichwa kusikiliza kama umefika.

"Ndiyo hiyo," akasema, na bendi nzima ikajiweka sauti kwa kuifuata.